JPEG haikonvatiwi ikawa RAW, na RAW sio picha bado

Kama unashughulika na picha hapa Nairobi lazima ushaskia hii, mteja anakuja na picha za harusi kwa flashi anasema "boss, hizi JPEG nikonvatie ziwe RAW ndio zitoke safi kwa printi", na mwenye kuambiwa badala ya kumweleza anaitikia tu kwa kichwa na kuchukua pesa. Hiyo kitu haiwezekani, na mwenye kuchukua pesa anajua.

RAW ni data yenye senso ya kamera (kile kipande cha ndani kinashika mwanga) imeshika kabla haijafanywa picha. Kuikonvati ni kutengeneza picha kutoka kwa hiyo data na kuihifadhi kwa fomati ya kawaida, JPEG ama TIFF. Maana ndio hiyo, haina mengi.

Penye watu wanapotea ni kudhani picha iko tayari mle ndani na sisi tunaihamisha tu kutoka faili hii hadi ile. Haiko. Kwa kamera nyingi kila nukta ya senso imefunikwa na kichujio cha rangi moja pekee, nyekundu, kijani ama buluu, mpangilio wenye Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake 1976 na mpaka leo ndio umejaa sokoni. Kwa hivyo kamera ya megapikseli 24 inapima kijani kwa nukta kama milioni 12, nyekundu milioni 6 na buluu milioni 6, halafu zile rangi mbili zinakosekana kwa kila nukta programu inazikisia ikiangalia nukta za jirani. Yaani theluthi mbili ya rangi za hiyo picha umeweka ukutani ni makisio (mazuri, usiogope). Hapo hapo pia ndio inaamuliwa weupe uwe upi, kama ulipiga kwa taa za manjano za ukumbi ama jua la saa saba pale Uhuru Park, na vivuli vipandishwe kiasi gani. Ndio maana RAW moja ukiiweka kwa programu mbili unapata picha mbili tofauti. Na ukipiga JPEG, kamera imekuamulia hayo yote yenyewe na ikatupa mabaki.

Mabaki yenyewe si madogo. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, JPEG ya kawaida iko na 256 kwa kila rangi, na bado inabanwa juu ya hiyo. Shela ya bibi harusi ikiungua ikawa nyeupe pepe kwa JPEG, nakshi zake zimeenda. Kwa RAW mara nyingi bado unazipata.

TIFF ndio mzee hapa, ilitoka 1986 kwa kampuni ya Aldus, na inaweza kubeba biti 16 bila kutupa kitu, so RAW ikienda TIFF wa printi anafurahi na diski yako inalia. Lakini JPEG ukiigeuza TIFF umepata faili kubwa yenye vitu vilevile, basi.

Alafu kuna wale wa kubadilisha jina la faili wakidhani hapo wamekonvati. NEF, yaani faili ya RAW ya Nikon, imejengwa juu ya muundo wa TIFF, kwa hivyo ukiandika .tif mwishoni kuna programu zinaifungua kweli, ila zinakuonyesha kile kijipicha kidogo kamera iliweka ndani, na mtu anaanza kusema kamera imeharibika.

Kwa hivyo mteja wangu, kama shida yako ni picha zote bila kueditiwa, omba JPEG ambazo hazijaeditiwa. Ukisema RAW utapewa CR3 ya Canon ama NEF ya Nikon ama ARW ya Sony, faili zenye simu yako pengine haitafungua. Na kama harusi ilipigwa JPEG pekee, RAW haipo hata uongeze pesa, omba tu JPEG za kutoka kwa kadi, sio zile zimepitia WhatsApp.