Mmea "unaostahimili ukame": maana yake si kwamba hautaki maji

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara hapa Arusha, ukiinamia tu sedum, ule mmea wa majani manene, kijana wa kitalu atakuwahi: "Mama, hiyo haitaki maji." Niliambiwa hivyo, nikanunua miche sita mwezi wa pili, nikaipanga katikati ya mawe mbele ya nyumba. Kufika mwisho wa Aprili mitano ilikuwa imeoza shingoni. Ukiugusa, shina linabaki mkononi. Kiangazi hakikuifanya kitu. Iliuawa na masika.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe, "kustahimili ukame". Mimea ina njia nyingi za kuishi na ukame. Mahindi ya muda mfupi yanayopandwa tambarare ya Moshi huukimbia: yanakimbilia kukomaa kabla mvua haijakata. Mgunga huzamisha mizizi chini kuyafuata maji. Sedum haina mizizi ya kwenda mbali wala haraka ya kukomaa. Yenyewe hujaza maji yake kwenye majani, ikakaa kuisubiri mvua. Pasua jani moja kwa ukucha: nje kuna ngozi nyororo inayozuia maji kutoka, ndani ni majimaji matupu. Hiyo ndiyo akiba.

Akiba ingeisha haraka kama majani yangeacha matundu yake wazi mchana kutwa, kama mimea mingi ifanyavyo ili kuvuta hewa ya ukaa. Ukame ukibana, aina nyingi za sedum hubadili ratiba: matundu hufunguka usiku, kukiwa na ubaridi, hewa ya ukaa inaingia na kuwekwa kama asidi. Asubuhi matundu yanafungwa, na asidi ile inatumika mchana kutengenezea chakula kwa nguvu ya jua. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, alionja majani ya Kalanchoe, ndugu wa sedum, akakuta ni machachu asubuhi na uchachu umepotea baadaye mchana. (Usimwige. Kalanchoe zimejaa huku kwetu na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.)

Mmea unaoishi kwa bajeti hiyo hukua taratibu, na mizizi yake inataka hewa. Ndiyo sababu ya bustani ya mawe. Wengi hudhani mawe ni pambo. Kazi yake hasa ni kuondoa maji. Udongo wetu mweusi unaonata huyashika maji ya masika kwa wiki nzima. Inua tuta kama sentimita 30, uchanganye udongo na mchanga wa mtoni na vipande vya mawe mepesi ya volkano, ambayo kwa walio karibu na Meru si ya kutafuta mbali. Kabla ya kupanda, chimba shimo dogo ujaze maji. Yakilala humo hadi kesho yake, usipande kitu.

Maelezo ya mbegu kutoka Ulaya nayo huchanganya watu. Wakisifu sedum kuwa ni ngumu, mara nyingi wanasema inavumilia theluji. Hilo halitusaidii sana Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400. Moshi mjini ni chini zaidi na joto ni kali, kwa hiyo kule tafuta kivuli cha alasiri. Wala jenasi hii si mgeni kabisa kwetu: Sedum meyeri-johannis ni ya porini Kilimanjaro.

Kuhusu maji, mimi hulisikiliza jani. Likilegea na kukunjamana kama zabibu kavu, lina kiu: mwagilia mpaka maji yapenye chini, kisha uache udongo ukauke kabisa. Likiwa la njano, linapitisha mwanga na kudondoka ukiligusa tu, limeshiba kupita kiasi, na kuliongezea maji ni kulimaliza. Mwaka wa kwanza mimi niliona majani ya njano yanalegea, nikadhani ni kiu, nikamwaga ndoo.

Mche wangu wa sita ulipona kwa sababu niliuchomeka kwenye ufa wa jiwe la juu, udongo kidogo, maji yanateremka tu. Juni nilikata vipande vyake, nikaviacha kivulini siku tatu hadi vidonda vikauke, nikavichomeka kwenye tuta jipya. Sasa viko kumi na kimoja.