Porziuncola: kikanisa cha mashambani na rehema yake ya Agosti 2

Mhujaji anayefika leo Santa Maria degli Angeli, kwenye uwanda ulio chini ya mji wa Assisi nchini Italia, hukutana kwanza na basilika kubwa, na ni baada ya kuingia ndipo anapokiona kikanisa chenyewe chini ya kuba, kikiwa na urefu wa takribani mita 7 na upana wa mita 4. Zamani pale palikuwa msitu wa mialoni, na kikanisa kilikuwa mali ya Wabenedikto, wamonaki wa Mlima Subasio, waliokuwa wamekiacha kichakae. Mtakatifu Fransisko alikikarabati kwa mikono yake, na kwa mujibu wa mapokeo ni humo alimosikia Injili ya Mathayo sura ya 10, inayowakataza wanaotumwa kuchukua fedha, mkoba au fimbo, akavua viatu na kujifunga kamba badala ya mshipi.

Wenzake husimulia kwamba abate, mkuu wa wamonaki hao, alipowapa ndugu, yaani wafuasi wa Fransisko, ruhusa ya kukaa pale, Fransisko hakukubali kukimiliki kikanisa, bali aliagiza wamonaki wapelekewe kila mwaka kapu la samaki wadogo kama kodi, nao wamonaki wakawa wanarudisha mtungi wa mafuta. Kwangu mimi kapu hilo linaeleza ufukara wa Kifransisko vizuri kuliko hotuba nyingi, kwa sababu mpangaji hawezi kujisahau akadhani nyumba ni yake. Hapo ndipo Mtakatifu Klara alipopokelewa katika maisha ya kitawa usiku wa Jumapili ya Matawi, mwaka 1211 au 1212, na hatua chache kutoka hapo Fransisko alifariki jioni ya Oktoba 3, 1226.

Ibada iliyokipa kikanisa umaarufu ni Msamaha wa Assisi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1216 Fransisko alimwendea Papa Honorius III, aliyekuwa amechaguliwa karibuni mjini Perugia, akamwomba rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, kwa kila atakayeingia humo akiwa ametubu na kuungama, bila kudaiwa sadaka yoyote. Ombi hilo lilikuwa zito, kwa kuwa wakati huo rehema ya namna hiyo ilihusishwa hasa na safari za vita vya msalaba.

Hapa mwanahistoria hana budi kwenda polepole. Hakuna barua ya Papa iliyobaki, na Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache tu baada ya kifo chake, hasemi neno juu ya jambo hili. Ushahidi wa kiapo unaojulikana ni wa mwaka 1277, na hati ya Askofu Theobald wa Assisi, iliyolenga kuwajibu wapinzani, ni ya mwaka 1310. Mapokeo hujitetea kwa kusema kwamba Fransisko mwenyewe alikataa hati, maelezo ambayo, nikiri, yanaziba pengo kwa urahisi mno. Hata hivyo siamini kwamba ibada ilibuniwa na askofu: mtu hajibu wapinzani wa jambo ambalo watu hawajalishika, na wahujaji walikuwa wakimiminika pale kabla yeye hajashika kalamu. Mwaka 1393 Ilario da Viterbo alichora masimulizi hayo juu ya altare, na tangu hapo kila anayeingia huyasoma kwa macho.

Wingi wa watu ndio uliosababisha ujenzi wa basilika, ulioanza mwaka 1569 na kukamilika mwaka 1679. Tetemeko la ardhi la mwaka 1832 lilibomoa sehemu kubwa ya basilika, lakini kuba na kikanisa vilinusurika.

Rehema hiyo ilienea kwanza katika makanisa ya Wafransisko, na sasa hupatikana Agosti 2 katika kanisa lolote la parokia, liwe Songea au Nyeri. Muumini hulizuru kanisa, akasali Baba Yetu na Nasadiki, akatimiza masharti ya kawaida ya kitubio, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu, huku akiwa ameachana na kila mapendo ya dhambi, hata ndogo. Anaweza pia kuitolea kwa ajili ya marehemu walioko toharani, yaani wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni.