Visima vilivyotelekezwa kando ya madampo ya Dar: yanayosemwa na ukweli wake

Taka za Dar es Salaam zimehamahama. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo la mtaani kwao. Baadaye zikamwagwa Kunduchi Mtongani, Vingunguti, Mtoni, na siku hizi Pugu Kinyamwezi. Huko kote watu wamejenga, na penye nyumba jijini hapa hapakosi visima, maana maji ya Ruvu hayajawahi kumfikia kila mtu. Vingi vimeachwa: kimoja pampu ilizama, kingine maji yalianza kunuka.

"Kisima kisichotumika hakimdhuru mtu."

Dhana hii ndiyo mbaya kuliko zote. Sehemu nyingi za jiji, ukichimba unakuta mchanga wenye maji, chini yake mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wenye maji ya kina. Mfinyanzi ndio ngao ya maji hayo, na kisima kirefu kimeutoboa. Masika ikipita kwenye taka hutoka majimaji meusi yenye amonia, chumvi, na pengine metali kama risasi. Yakipata tundu, hayana haja ya kupenya udongo polepole; yanashuka hadi kwenye maji anayovuta jirani. Hata nje ya bomba linaloshikilia kuta za kisima yanapita, kama mchimbaji hakuziba nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo.

"Tutakifukia na kifusi, yaishe."

Mfuniko humwokoa mtoto asitumbukie, na hilo si dogo. Lakini kifusi kina mianya, maji yanapita. Na anayekigeuza kisima kuwa shimo la taka anapeleka uchafu chini kwa mkono wake mwenyewe.

Kuziba ni kazi ya fundi. Pampu, mabomba na kamba hutolewa, kisha kina hupimwa. Bomba la ukutani likivutika linang'olewa. Likigoma linatobolewa ili saruji ipenye hadi nje yake. Halafu bomba jembamba hushushwa mpaka chini kabisa na uji wa saruji husukumwa humo, ujaze kisima kwa kupanda. Maji ya kisima hutangulia kutoka juu (yakingwe, yasitiririkie uani kwa watu), na kazi haijaisha mpaka uji wenyewe utokeze mdomoni ukiwa mzito kama ulivyokorogwa. Ukimwaga kutoka juu, saruji inasambaratika majini na kuacha mapengo. Udongo wa bentonaiti nao unafaa, kwa kuwa huvimba ukilowa.

Kisima cha inchi 6 chenye kina cha mita 60 humeza takriban mita moja ya ujazo, yaani kama mifuko 25 ya saruji ya kilo 50. Ni gharama, na sioni haki mwenye nyumba aliyezungukwa na taka za jiji zima kuibeba peke yake.

"Maji tunachemsha."

Mchemsho huua vijidudu, hauondoi risasi wala nitrati, ambayo amonia ya taka huweza kugeuka kuwa. Maji yanavyopungua sufuriani, vitu hivyo vinabaki na kuzidi ukali. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati kuwa miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya vichanga wanaolishwa maziwa ya kopo, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Na nitrati haionekani wala hainuki.

"Dampo lilishafungwa zamani."

Malori yameacha kuja, taka zimebaki. Huendelea kuvuja kwa miongo.

"Kisima changu, nitakiziba nipendavyo."

Maji yaliyo chini ni ya umma; yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kwa Dar ofisi husika ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Anzia huko, ukiwa na kumbukumbu za mchimbaji kama zipo: kina, ukubwa wa bomba, na mita ambazo chujio (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji) limewekwa. Huenda ikaonekana kisima chako kinafaa kuachwa kwa ajili ya kupima maji kila msimu. Hicho kitahitaji kufuli, na ukingo wa zege ulioinuka kuliko maji ya mafuriko.