Majina Mabegani: Mwombezi ni Nani Kanisani?

Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikifundisha vikundi vya waombezi katika makanisa ya hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu afanye nini ili maombi yake yawe na nguvu? Anayeuliza hutazamia nimtajie idadi ya siku za kufunga, saa za kesha, au maneno ya kukemea. Mimi humrudisha kwenye swali lililotangulia hilo, yaani, huyo anayeomba ni nani mbele za Mungu. Kanisa likikosea hapo, makesha yote ya Ijumaa yatakuwa ya watu wanaobisha kwenye mlango ambao walikwisha kufunguliwa.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia. Anayeomba anaweza kuwa peke yake na haja yake, lakini anayeombea hawezi kusimama bila mtu mwingine moyoni mwake, kwa sababu kitenzi chenyewe kinamdai huyo mtu. Paulo, akimwandikia Timotheo kuhusu dua, sala, maombezi na shukrani, anatumia kwa maombezi neno la Kiyunani ambalo huko Misri, enzi za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio, lilikuwa jina la hati ya ombi ambayo mtu wa kawaida alimwandikia mfalme. Kwa hiyo jambo la kwanza katika maombezi ni ruhusa ya kufika kwa mfalme, na ruhusa hiyo, katika sura ileile ya pili, Paulo anaiweka kwa mpatanishi mmoja, Kristo Yesu. Petro naye analiita kanisa zima ukuhani wa kifalme. Ndiyo maana huniuma sana kuona mama mwenye mtoto mgonjwa akishika bahasha na kumtafuta "mwombezi" amfikishie haja yake kwa Mungu, ilhali yeye mwenyewe, kwa ubatizo wake, ni wa nyumba hiyo ya makuhani. Anahitaji ndugu wa kuomba pamoja naye, wala si mtunza mlango.

Ninapotaka waombezi waone kazi yao kwa macho, tunafungua Kutoka 28 na kukaa hapo muda mrefu. Haruni, kuhani mkuu wa Israeli, alivaa naivera, yaani vazi la kikuhani la juu, yenye mawe mawili ya thamani yaitwayo shohamu mabegani, kila jiwe likiwa limechorwa majina sita ya wana wa Israeli, kwa taratibu ya kuzaliwa kwao. Kifuani alikuwa na kile kifuko cha hukumu, chenye mawe kumi na mawili katika safu nne, na kila jiwe lilikuwa na jina lake. Bega ni mahali pa kubebea mzigo. Moyo ni mahali pa kumpenda mtu. Kuhani hakuruhusiwa kuchagua kimoja. Tena majina yalichorwa kwenye jiwe kama muhuri, hata siku ambayo Haruni angekuwa amechoka au amekasirishwa na kabila fulani, angeingia patakatifu akiwa nalo.

Sasa tafakari taratibu hiyo ya kuzaliwa. Jina la pili ni Simeoni na la tatu ni Lawi, ndugu wawili waliowaua watu wa Shekemu kwa upanga, ambao baba yao Yakobo, karibu na kufa kwake, alisema hasira yao ilaaniwe. Majina hayo hayakufutwa. Zaidi ya hayo, Haruni mwenyewe alikuwa Mlawi, kwa hiyo alipobeba jina la wenye damu mikononi alikuwa anabeba jina la ukoo wake.

Katika mji wetu fundisho hili si la kupita haraka. Ibada moja ya Jumapili hapa inakutanisha watu wa makabila ambayo yameumizana, na mara nyingi nimesikia maombi kwa ajili ya amani ambayo ndani yake dhambi yote ni ya "wao". Danieli, katika sura ya 9, hakuomba hivyo. Maandiko hayasimulii uasi wowote wake, na bado alisema, "Tumefanya dhambi." Mimi nadhani neno "sisi" ndilo gumu kuliko kufunga siku arobaini, na mwombezi ambaye bado hajaweza kulisema asipewe kipaza sauti.

Ndugu zetu Wakatoliki wa nchi hii wana utaratibu ambao sisi Waprotestanti tungefaa kuutafakari. Katika Misa ya Kizaire (Zaire ndilo jina la zamani la Kongo), iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, toba haiji mwanzoni. Huja baada ya Neno na mahubiri, kisha watu wanapeana amani, na hapo ndipo sala ya waamini inafuata. Watu wanasikia, wanatubu, wanashikana mikono na jirani, ndipo wanawaombea wengine. Katika kikundi chetu cha Jumatano tumeufuata mpangilio huo kwa namna yetu: zaburi moja na wimbo wa kuabudu, kwa kuwa anayemsahau Mfalme atageuza ombi kuwa malalamiko; kisha Neno; kisha kimya cha toba; ndipo daftari la majina linafunguliwa.

Mei 2021, volkano ya Nyiragongo iliyo karibu na mji wetu ilipolipuka na baada ya siku chache tukaamriwa kuhama, daftari hilo lilibaki nyumbani. Wengi wetu tulikuwa katika mji mdogo wa Sake, magharibi mwa Goma, tumelala kwenye madarasa na varanda za watu. Jumatano ilipofika, mama mmoja mzee, muuza samaki ambaye hakuwahi kujifunza kusoma, alianza kuyataja majina moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule wa daftari, akiwemo jirani aliyemdhulumu kiwanja. Tuliokuwa tukisoma kila juma hatukuweza kumsaidia hata kwa jina moja. Yeye alifika mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza majina ya wenye nyumba waliotupokea usiku ule.