Waya Mweupe Ndio Unaowasumbua: Dhana Potofu Kuhusu Plagi ya Karavani

Karavani nyingi (nyumba za magurudumu zinazovutwa na pikapu) zinazoletwa kwangu taa zikiwa zinacheza huja na maelezo yaleyale. Balbu zimebadilishwa, fyuzi zimebadilishwa, soketi mpya imefungwa, na bado ukiwasha indiketa ya kushoto taa zote za nyuma zinapepesa. Nikiuliza waya wa athi, yaani ule mweupe unaorudisha umeme kwenye pikapu, umefungwa wapi, mwenye gari ananijibu kwa uhakika kabisa: "Athi ipo, si imeshikana na pikapu chuma kwa chuma?" Jibu hilo limenichosha, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Kiungio kinachoshikanisha karavani na pikapu si njia ya umeme. Kazi yake ni kubeba uzito na kuzunguka, na ili kisisagike tunakipaka grisi, ambayo inazuia umeme. Juu ya grisi weka rangi, kutu na vumbi la barabarani. Bado kuna nyakati umeme unapita, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwenye barabara iliyonyooka chuma kinabana chuma, taa zinawaka vizuri. Ukikata kona au ukipita tuta, mguso unahama na taa zinafifia. Mwenye gari anasema tatizo linakuja na kuondoka lenyewe, na anaishia kuilaumu kompyuta ya gari.

Kupepesa kwenyewe kuna maelezo. Balbu ya nyuma yenye nyuzi mbili, ule wa wati 21 wa breki au indiketa na ule wa wati 5 wa taa ya usiku, hutumia athi moja. Athi hiyo ikikatika, umeme wa indiketa bado unatafuta pa kurudia. Unapita kwenye uzi mdogo kinyumenyume, unatoka kwa waya wa taa za usiku na kuzifikia taa nyingine. Kwa hiyo taa ambazo hukuziwasha zinapepesa kwa unyonge, na wakati mwingine ukikanyaga breki taa za usiku zinazimika. Ukiona dalili hizo, acha balbu zilivyo na ushike waya mweupe.

Kinachonikera zaidi ni breki. Karavani yenye ekseli mbili na breki za umeme huwa na sumaku nne za breki, moja kwa kila gurudumu, na kwa zile za kawaida kila sumaku hula takriban ampea 3. Ampea 12 zote zinarudi kwenye pikapu kupitia waya huo mmoja mweupe. Sumaku nne zikiwa pamoja zina ukinzani wa karibu omu 1. Ongeza nusu omu tu ya kutu kwenye athi, mkondo unashuka kutoka ampea 12 hadi 8, na volti 4 kati ya 12 zinaishia kwenye kutu badala ya kwenye breki. Taa za usiku, kwa kuwa mkondo wake ni mdogo, zitaendelea kuwaka tu. Mtu anateremka mlima akiamini kila kitu ni kizima kwa sababu ameona taa.

"Lakini nimepima kwa mita, volti 12 zipo!" Zipo, kwa sababu hukuwasha chochote. Mita ya kidijitali kwa kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo haivuti mkondo wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba usiokatika utakuonyesha volti 12.6 bila wasiwasi. Utakaposhindwa ni pale kazi itakapoanza.

Pima hivi. Ncha nyeusi ya mita iunganishe kwa waya mrefu moja kwa moja kwenye hasi ya betri ya pikapu. Washa taa zote, mwenzako akanyage breki na avute pia kitasa cha mkono cha kontrola ya breki, kile kifaa cha ndani ya pikapu kinachotuma umeme kwenye breki za karavani. Ncha nyekundu iguse chuma kisafi cha chasisi ya karavani. Athi nzuri itakupa sehemu ndogo ya volti, kama 0.2 au chini yake. Ikipita 0.5, tatizo liko hapo. Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua: pini ya athi nyuma ya plagi, kisha pini ileile nyuma ya soketi, kisha chasisi ya pikapu. Mahali usomaji unaposhuka ghafla ndipo penye ubovu, katikati ya sehemu mbili ulizogusa mwisho.

Kipimo hicho ukifanye karavani ikiwa imenyanyuliwa kutoka kwenye kiungio na minyororo imefunguliwa, plagi pekee ndiyo iwe imechomekwa. Weka kabari kwenye magurudumu kwanza. Ninasisitiza hili kwa kila mteja kwa sababu kiungio kinachopitisha umeme kidogo kinaficha waya uliokufa.

Dawa yake ni ya kazi ya mikono. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, maana ile iliyogeuka kijani au nyeusi haisafishiki. Bana kichwa cha duara, kwangua rangi ya chasisi mpaka chuma kiwe cheupe, funga kwa bolti, kisha ziba kwa rangi au grisi juu yake. Na tafadhali ondoeni vile vibano vya plastiki vinavyotoboa waya bila kuumenya. Vinaingiza maji, vinakata nyuzi, na nimeacha kuvitengeneza, nikivikuta navitoa.

Dhana nyingine ninazozisikia: "Unganisha rangi kwa rangi." Usithubutu. Kwenye plagi ileile ya pini 7 ya Marekani kuna mipangilio miwili inayokutana mara kwa mara. Wa karavani una nyekundu kwa upande wa kushoto, kahawia kwa kulia, kijani kwa taa za usiku. Ule mwingine una njano kwa kushoto, kijani kwa kulia, kahawia kwa taa za usiku. Unganisha kijani na kijani hapo, na indiketa ya kulia itawasha taa za usiku zote. Buluu ni breki za umeme huko, lakini kwenye plagi ya pini 7 ya Ulaya buluu ni taa ya ukungu. Nyeupe ndiyo inayokubaliana kote kuwa athi, nayo ithibitishe kwa mita, kwa sababu hujui nani aliigusa kabla yako. Kumbuka pia kwamba mchoro wa soketi ukitazamwa kwa mbele ni kinyume cha plagi, kushoto kunakuwa kulia. Soma mchoro unasema umetazamwa upande gani kabla ya kukata waya.

"Pini ya breki haina umeme, kwa hiyo kontrola imekufa." Pini hiyo haipati umeme mpaka breki ikanyagwe au kitasa kivutwe, na pikapu nyingi za kisasa hazitoi kitu mpaka zihisi karavani imechomekwa. Kupima soketi tupu hakukuambii lolote.

"Plagi itachaji betri ya karavani nikiwa safarini." Itachaji kidogo. Waya ni mrefu, volti zinapungua njiani, na kwenye baadhi ya pikapu fyuzi au relei ya laini hiyo haikufungwa kiwandani, kwa hiyo haichaji kabisa. Betri kubwa inahitaji chaja yake yenye waya mnene.

Grisi ya pini hupakwa nyembamba, dhidi ya unyevu. Kuijaza kwenye soketi hakuongezi umeme, kunakusanya mchanga.

La mwisho ni swichi ya dharura, ile yenye kamba inayochomoka karavani ikikatika. Wengi wanaamini inapata umeme kutoka kwenye pikapu. Karavani ikishakatika, pikapu haipo. Swichi hiyo inategemea betri ya karavani yenyewe. Betri ikiwa imekufa au imetolewa, breki za dharura hazipo. Kuijaribu, chomoa plagi kwanza, vuta kamba ili pini ya swichi itoke, kisha sukuma karavani polepole uone kama magurudumu yanashika. Rudisha pini mara moja, usiiache nje ikaimaliza betri na kuchemsha sumaku.