Dawa ya malaria inayotibu jicho: maswali na majibu

Ni kweli dawa ya malaria hutibu ugonjwa wa macho?
Kweli, ila si kila dawa wala kila ugonjwa. Dawa yenyewe ni pirimetamini. Akina mama wajawazito wameshaimeza: imo ndani ya SP, vile vidonge vitatu vya kliniki ya wajawazito vinavyomezwa mbele ya muuguzi. Ugonjwa ni toksoplazmosi, inayounguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Mbu na retina ni wapi na wapi?
Mbu hahusiki hapa. Toksoplazma, kimelea kinacholeta ugonjwa huu, hupatikana kwenye kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, na mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Lakini kimelea hiki na kile cha malaria ni vya ukoo mmoja, na vyote huhitaji folati, vitamini ya kundi B, ili vizaliane. Pirimetamini huziba njia ya folati mahali pamoja, dawa nyingine, sulfadiazini, huiziba pengine. Ndiyo maana hutolewa pamoja.

Mgonjwa huona nini?
Akiziba jicho lisilo na ugonjwa na kutazama kwa lile linaloumwa kalenda ukutani, tarehe zina ukungu na vidoti vyeusi vinaelea. Daktari akitanua mboni kwa matone, mara nyingi hukuta doa jeupe kando ya kovu la zamani.

Na asiyepata pirimetamini?
Hili linanipa moyo. Utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha tiba ya pirimetamini na sulfadiazini na ile ya septrini, antibiotiki ya kawaida, kwa wagonjwa 59. Kidonda cha retina kilipungua kwa asilimia 61 kwa pirimetamini na 59 kwa septrini. Septrini ni rahisi, na hata zahanati nyingi zinayo.

Kikipona, kimekwisha?
Hapana, kimelea hujificha ndani ya retina na kinaweza kuamka. Brazil, mwaka 2002, waliomeza septrini kila baada ya siku tatu walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 6.6, wasiomeza, asilimia 23.8.

Basi nimeze SP iliyobaki kabatini?
Usifanye hivyo, tafadhali. SP ya kliniki ni dozi ya siku moja. Tiba ya jicho ni ya kila siku kwa wiki kadhaa, damu ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu pirimetamini hudhoofisha uboho, sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Mgonjwa hupewa na asidi ya foliniki ya kuukinga. Jicho likiingia ukungu ghafla, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo, na kama una mimba, sema mapema.