Tani 20 za nondo hazishikwi na uzito wake

Kwenye yadi za kupakia kuna kauli haiishi: "Huu mzigo mzito, hauendi kokote." Ndiyo maana jenereta ya kilo 300 hufungwa kamba kila upande, halafu nondo tani 20 zinatoka getini na mikanda mitatu, minne. Uzito haushikilii kitu. Hesabu yake ni fupi, na anayefunga mizigo anatakiwa aijue kuliko hata dereva.

Dereva akikanyaga breki kwenye kilomita 60 kwa saa, breki hushika magurudumu, magurudumu hushika lami, gari linapungua mwendo. Nondo hazijaguswa na lolote kati ya hayo. Inesha yake, yaani ile hali ya kila chenye tungamo kuendelea na mwendo kilionao mpaka kani iubadilishe, inazipeleka mbele kwa kilomita 60 kwa saa zilezile. Watu husema breki imerusha mzigo. Hapana, hakuna kilichousukuma mbele. Kilichokosekana ni kani ya kuuvuta nyuma.

Kani hiyo ni tungamo mara badiliko la mwendo kwa kila sekunde. Breki ya nguvu kwenye lami kavu inaweza kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Kilo 20,000 mara 6 ni niutoni 120,000. Msuguano unatoa kiasi gani? Chuma kikilala juu ya sakafu ya chuma, kizigeu cha msuguano, yaani sehemu ya uzito inayogeuka kuwa kani ya kuzuia, ni kama 0.2, kwa hiyo 0.2 × 20,000 × 9.8 = niutoni 39,200. Zinapungua niutoni 80,800.

Sasa ongeza mzigo uwe tani 40. Msuguano unakuwa mara mbili, lakini na kani inayotakiwa inakuwa mara mbili vilevile. Tungamo iko pande zote za hesabu, inajifuta. Chuma juu ya chuma kitaanza kuteleza breki ikivuka mita 1.96 kwa sekunde kila sekunde, kiwe kipande cha kilo 20 au bando la tani 20. Tofauti inaonekana kikishafika kwenye kabini.

Hiyo 0.2 nayo ni ya sakafu safi. Mafuta yanaishusha, na mchanga mkavu hufanya kazi ya gololi. Fagia kwanza. Kisha tandika mbao: chuma juu ya mbao kizigeu ni kama 0.45, na msuguano unapanda hadi niutoni 88,200. Pengo linashuka kutoka 80,800 hadi 31,800, na hujakaza mkanda hata mmoja. Kwenye ufungaji mzima sijui kitu chenye faida kubwa kwa bei ndogo kama hicho.

Mikanda ya racheti ndiyo inayodanganya wengi. Lebo yake ina namba mbili. LC, mara nyingi daN 2,500 kwa mkanda wa milimita 50, ni mzigo ambao mkanda unaruhusiwa kubeba ukivutwa. STF, mara nyingi karibu daN 300, ni mkazo unaobaki baada ya kukaza racheti kwa mkono. (daN 1 ni niutoni 10.) Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauuzuii kwenda mbele, unaukandamiza tu ili msuguano uongezeke, kwa hiyo namba ya kuhesabia ni STF. Pande mbili zikisimama wima zinakandamiza kwa niutoni 6,000. Mara 0.45, umepata 2,700. Kuziba pengo la 31,800 kunataka mikanda 12. Kwenye chuma kitupu, ambako kila mkanda unatoa 1,200 tu, inatakiwa 68. Na nondo hulala chini, mkanda haushuki wima. Ukifika nyuzi 30 kutoka sakafuni, nguvu yake ni nusu. Hiyo mikanda 12 inakuwa 24.

Kwa hiyo nondo zizuiwe moja kwa moja. Ziba ncha zote za mbele kwa ubao mgumu, mnene, kisha pitisha mnyororo mbele ya ubao na uurudishe nyuma hadi kwenye pete za tela, kushoto na kulia. Mnyororo wa milimita 8 wa daraja la 80 una LC ya daN 4,000. Kwa nyuzi 45 kila mguu unavuta nyuma kwa niutoni 28,000, miguu miwili 56,000. Pengo limezibwa na akiba ipo, ila kwa breki ya mita 6 tu: kanuni ya Ulaya ya EN 12195-1 hudai mzigo ushikwe mbele kwa 0.8 ya uzito wake, sawa na breki ya mita 7.8, na hapo pengo linafika niutoni 68,600, kwa hiyo miguu miwili peke yake haitoshi.

Usiache nafasi kati ya mzigo na ukuta wa mbele. Kwenye chuma kitupu, gari likipungua kwa 6 na nondo kwa 2, nafasi ya nusu mita inatosha nondo kuukuta ukuta kwa mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya jouli 40,000. Ukuta ukibonyea sentimita 5 ndipo usimame, kani ya wastani inavuka niutoni 800,000, mara 10 ya ile ambayo ungebeba kama nondo zingekuwa zimeugusa tangu mwanzo.

Bando lenyewe pia si kitu kimoja. Nondo za katikati zinashikwa na majirani zake tu, chuma kwa chuma, na waya wa kiwandani haukuwekwa kwa ajili ya breki. Zungusha mnyororo duara kamili kwenye bando kabla ya kuufunga pembeni, ili ukivutwa ulibane. Kwenye kona hesabu ni ileile, ila upande: kilomita 40 kwa saa kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 40 inadai mita 3.1, tayari imeishinda 1.96. Hapo zinatakiwa nguzo za pembeni, na bando liziguse.

Nondo hujipanga upya zikitikiswa na mnyororo unalegea. Simama baada ya kilomita chache za kwanza ukaze tena, na urudie kila mnapopumzika. Utingo asipande kukaa juu ya mzigo hata kama umefungwa vizuri, yeye hakufungwa.